Dawa ya Ugonjwa wa Parkinson na Tabia ya Mgonjwa

Mzee atetemekaye mkono na kuburuta miguu aghalabu husemwa kuwa amezeeka tu. Huko Mbulu, watafiti walioshirikiana na Hospitali ya Haydom walipita nyumba kwa nyumba kutafuta dalili za ugonjwa wa Parkinson, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Uchunguzi kama huo wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2008, ulipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wametambuliwa kabla. Kwa hiyo wengi hawajaonja dawa kamwe. Jamaa za wale waipatao, hata hivyo, hawana budi kufahamu jambo lisilosemwa sana.

Ugonjwa huu hutokana na kufa kwa chembe za ubongo zitengenezazo dopamini. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ubongoni. Dawa nyingine, kama vile pramipeksoli, huiga kazi yake. Lakini dopamini haiongozi viungo peke yake, bali huamsha pia hamu na furaha ya kupata. Basi dawa ifunguayo mkono uliokakamaa yaweza kufungua na tamaa. Katika uchunguzi wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2010, yapata watu 17 katika kila 100 waliotumia dawa za kuiga dopamini walikuwa wameshikwa na kamari, ununuzi wa ovyo, ulafi au uchu wa mapenzi. Miongoni mwa wasiozitumia walikuwa 7.

Tuseme mzee wa Hanang, mwenye uchungu na mali yake maisha yote, aanza kupeleka ng'ombe mnadani bila kushauriana na wanawe, na fedha zaishia katika kubahatisha mpira kwa simu. Wanawe watamlaumu, au watamtafuta aliyemroga. Naye, hasa ikiwa tamaa yenyewe ni ya mapenzi, ataona haya kusema. Ndiyo maana yafaa mganga aulize mwenyewe, na amwulize mke pia.

Benzheksoli, dawa ya zamani, ina madhara ya namna nyingine: yaweza kumsahaulisha mzee na kumwonyesha watu wasiokuwapo.

Mara nyingi tabia hutulia dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa. Lakini jamaa wasimfiche mgonjwa vidonge vyake. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya mganga, kwani kuzikatiza ghafula kwaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa, na hata kifo.