Umeme Uliofichua Siri ya Damu

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nami naongeza kwamba dalili ya ugonjwa huweza kuwa protini. Lakini protini haionekani kwa macho. Basi wataalamu huitambuaje? Nitaeleza kwa mfano wa sikoseli, maradhi yaliyo mengi kando ya Ziwa Victoria na huko Pwani.

Mnamo 1910, daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aliandika juu ya mgonjwa aliyekuwa na chembe nyekundu za damu zenye umbo la mundu. Umbo lilionekana kwa darubini, ila chanzo chake hakikujulikana.

Mwaka wa 1949, Linus Pauling na wenzake walichukua hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni katika damu, wakaipitishia umeme. Njia hii huitwa elektroforesi. Ni kama mashindano ya mbio: kila protini hukimbia kulingana na chaji yake. Kumbe hemoglobini ya mgonjwa na ya mzima hazikwenda sawa! Wengine walikuwa na aina zote mbili, nao hawakuwa wagonjwa. Hao ndio wabebaji.

Mnamo 1956, Vernon Ingram huko Cambridge, Uingereza, aliikatakata hemoglobini vipande vidogo vidogo, akavilinganisha. Kipande kimoja tu kilitofautiana. Baadaye ikabainika kwamba katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, ni moja tu iliyobadilika. Moja tu, jameni!

Haya yanatuhusu vipi? Nimewasikia watu wakisema eti mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa amerogwa, au mama yake ana mkosi. La hasha! Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kupata mtoto mgonjwa, hata kama wao wenyewe wanaonekana wazima kabisa.

Mpaka leo maabara hutumia elektroforesi kuipima damu. Mtoto akitambuliwa mapema, hupewa dawa za kumkinga na maambukizi na malaria kabla hajazidiwa.

Shime, vijana wenzangu! Mficha maradhi kifo humuumbua. Tupimwe damu, na tuache kuwasingizia majirani uchawi.