ULIMBO WA MSUNOBARI: SILAHA YA MTI JUU YA WADUDU



Msunobari ni mti wenye majani kama shindano. Si mti wa pori letu. Uliletwa toka inchi za mbali, na leo unapandwa kwa mbao, hata pande za Copperbelt, inchi ya Zambia. Ukiukata kidogo, unatoka ulimbo wenye kunata na kunukia. Wengi wanafikiri ulimbo ule ni takataka. Sivyo. Ni silaha yake.

Inafanya kazi namna gani? Ndani ya ganda na ndani ya mti mna mifereji midogo sana yenye kujaa ulimbo. Mdudu akitoboa ganda, anakata mfereji. Ulimbo unamwagika, unamsukuma inje ao unamzamisha.

Ulimbo ni vitu viwili. Cha kwanza ni terebentina, mafuta mepesi. Yanaruka katika hewa, na harufu yake ni sumu kwa mdudu. Cha pili ni kolofani. Terebentina ikiruka, hii inabaki, inakauka, inaziba kidonda.

Lakini ulimbo wa miti yote si sawasawa. Limoneni, mafuta yaliyomo vilevile katika ganda la chungwa, ni kali sana kwa wadudu. Kule Marekani, misunobari yenye limoneni nyingi ilionekana kupona zaidi. Pineni ni namna ingine: mdudu anaigeuza katika mwili wake kuwa harufu ya kuita wenzake. Wakija maelfu, ulimbo unakwisha, na mti unakufa.

Kule British Columbia, inchi ya Kanada, mdudu mdogo kama punje ya mchele alianza kuenea katika miaka ya 1990. Alishambulia misitu ya hektari zaidi ya milioni 18. Kule Ulaya, kisha ukame wa 2018, wadudu wa ganda waliua miti mingi sana. Sababu mti wenye kiu hauwezi kufanya ulimbo wa kutosha.

Basi, mwenye kupanda ashike haya:

1. Asipande kwa kusonganisha. Miti dhaifu aipunguze, ingine ipate maji.
2. Asibandue ganda, wala asiache moto wa pori ufike.
3. Mti ulioingiliwa na wadudu aukate upesi, abandue ganda, alichome mbali na shamba.
4. Mbegu azitwae kwa miti iliyopona pigo.

Mti wa mbao unataka miaka mingi kukomaa. Wadudu wanauua kwa majuma machache tu. Chungeni nguvu ya mti, nao utajichunga wenyewe.