Mfalme wa Miezi Mitatu

Katika nasaba za wafalme wa Yuda na Israeli, rekodi ya kukaa muda mrefu kwenye kiti ni ya Manase: alianza akiwa na miaka 12, akatawala 55. Anamfuata Uzia mwenye 52. Mwisho kabisa yuko Zimri, aliyepindua serikali, akadumu siku 7, kisha akaichoma nyumba ya mfalme naye akiwa ndani. Aliyetawazwa mdogo kuliko wote ni Yoashi, miaka 7, baada ya kufichwa hekaluni asiuawe na bibi yake Athalia, mwanamke pekee aliyewahi kutawala Yuda. Na ipo rekodi isiyowezekana: kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinampa Ahazia miaka 42 siku ya kutawazwa, ilhali baba yake ndiyo kwanza amefariki akiwa na 40. Wafalme wa Pili kinasema 22, na hapo tunapumua.

Msomaji wa Murukulazo, na wilaya ya Ngara kwa jumla, ana wafalme wa kuwalinganisha nao, maana Bugufi, sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya wami, yaani wafalme, wa Burundi kabla mipaka ya wakoloni haijaiweka Tanganyika. Mwami Mwambutsa IV alirithi kiti mwaka 1915 akiwa na miaka mitatu hivi, mdogo hata kuliko Yoashi. Aliondolewa Julai 1966, baada ya miaka 50 na ushei. Uzia na Manase wanamzidi kidogo tu. Alifia uhamishoni Uswisi mwaka 1977.

Aliyemwondoa ni mwanawe, Charles Ndizeye, kijana wa miaka 18. Alitawazwa 1 Septemba 1966 kwa jina la Ntare V. Tarehe 28 Novemba, mfalme akiwa safarini Kinshasa, waziri mkuu wake Kapteni Michel Micombero alitangaza jamhuri. Tangu kutawazwa, miezi mitatu haijatimia.

Sasa fungua Wafalme wa Pili, sura ya 24. Yekonia, ambaye pia huitwa Yehoyakini, na ambaye Yeremia mara nyingine humwita Konia, alianza kutawala akiwa na miaka 18, akatawala miezi 3. Umri uleule, na muda karibu uleule. Machi 597 KK alitoka nje ya Yerusalemu pamoja na mama yake Nehushta na watumishi wake, akajisalimisha kwa Nebukadneza, mfalme wa Babeli.

Kwa siku za kutawala, basi, Yekonia ni wa mkiani. Lakini kwa mengine naona hana mpinzani. Alikaa kifungoni miaka 37 hadi mfalme Evil-merodaki wa Babeli alipomtoa na kumketisha mezani pake, juu ya wafalme wengine waliokuwa Babeli. Yeremia alikuwa ameagiza aandikwe kama mtu asiye na watoto. Mambo ya Nyakati wa Kwanza inamwandikia wana saba, kuanzia Shealtieli. Na nje ya Biblia kuna ushahidi wake ambao mimi sichoki kuufikiria: vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli na kuchapishwa mwaka 1939 na Ernst Weidner. Ni daftari la stoo. Linaorodhesha mgawo wa mafuta kwa mfalme wa Yuda, na chini yake sila 2 na nusu, kipimo kinachokaribia lita, kwa wana wake 5. Kibao kimoja ni cha mwaka 592 KK. Hicho kinamaliza ubishi mwingine pia, kwa sababu Mambo ya Nyakati wa Pili inasema alitawazwa akiwa na miaka 8. Angekuwa na 8, mwaka ule wa mafuta angekuwa na 13 hivi, na mtoto wa miaka 13 hana wana watano. Manase wa miaka 55 naye anatajwa na Waashuru, ila kama mmoja wa wafalme 22 waliolazimishwa kupeleka magogo Ninawi.

Ntare V hakupata meza kama ile ya Yekonia. Alirudi Burundi kupitia Uganda ya Idi Amin Machi 1972, akauawa Gitega mwezi uliofuata, akiwa na miaka 24.

Mathayo, katika nasaba yake, anawaruka Ahazia, Yoashi na Amazia, wafalme watatu mfululizo. Yekonia anamtaja mara mbili, kabla ya uhamisho na baada yake, kwa kuwa ukoo wa Daudi ulivuka kwenda Babeli kupitia kwake. Zerubabeli, aliyeongoza waliorudi, ni mjukuu wake. Uzao huo katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 3, unaishia kwa Anani, mwana wa saba wa Elioenai. Hana vita wala kiti, na Biblia haimtaji tena popote. Rekodi yake ni hiyo moja: jina la mwisho la nyumba ya Daudi katika orodha ile.