Kazi Isiyopendeza na Masomo ya Kutwa: Ni Ipi ya Kuachwa?

Limekuwa jambo la kila mwezi sasa kujiwa na vijana wetu, waume kwa wake, wakiwa na swali moja kwa maneno mbalimbali. Kijana yumo katika chuo cha juu, masomo yake ni ya kutwa. Na pamoja na hayo ana kazi ya ujira mdogo, aifanyayo jioni au usiku, ambayo moyo wake haumo kabisa. Anauliza: Je, niiache? Wala hilo si swali jepesi kama linavyodhaniwa, kwani nyuma ya ujira ule mdogo mara nyingi mna watu wanaoungoja, na nyuma ya masomo yale mna watu pia.

Kwa desturi kijana huyu hupewa jawabu mbili. Wazee humwambia: Shukuru riziki yako, mchagua jembe si mkulima. Rafiki zake humwambia: Iache, mshika mbili moja humponyoka. Methali zote mbili ni za kweli, na ndiyo sababu hazikati shauri; kila msemaji huichukua ile inayomfaa yeye. Na tulivyoona sisi, hawa na wale hujibu kabla hawajauliza mambo mawili: ujira ule unakwenda wapi, na saa zile zinatoka wapi.

Natuchukue mfano wa kijana mmoja wa Dar es Salaam, ambaye jina lake hatulitaji kwa kumsitiri. Alisoma Qur'ani kwetu alipokuwa mdogo, na sasa yumo katika mwaka wa pili wa masomo ya uhasibu. Saa mbili za asubuhi yuko darasani, hutoka saa nane za mchana. Saa tisa na nusu yuko Kariakoo katika ghala la tajiri mmoja wa vyombo, na kazi yake ni kuhesabu maboksi yanayoingia na yanayotoka, akiyaandika daftarini, mpaka saa tatu za usiku, siku sita za wiki. Afikapo kwake Mbagala imekwisha pita saa nne, na kitabu bado hajakifungua. Ujira wake ni shilingi 200,000 kwa mwezi.

"Maalim," alituambia, "kazi hii hainipi kitu."

Tukamwambia achukue karatasi aandike. Ikadhihiri kuwa shilingi 60,000 humpelekea mama yake aliyeko Muheza pamoja na wadogo zake wawili wanaosoma. Shilingi 40,000 ni sehemu yake ya kodi ya chumba. Shilingi 50,000 ni nauli. Na zinazobaki ni chakula na simu. Basi si kweli kuwa kazi haimpi kitu. Yampa chumba, na yampa mama yake unga. Lakini tulipogeuza karatasi upande wa pili tuliona mengine. Theluthi ya nauli ile ni ya kwendea kazini kwenyewe. Katika muhula uliopita alianguka masomo mawili, na kurudia mtihani kuna ada yake. Saa za kazi ni 33 kwa wiki, na zote zimekatwa kutoka mahali pamoja tu, nazo ni saa za kusoma na kulala. Na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, akatuambia kuwa sala ya Alfajiri imekuwa ikimpita kwa usingizi, na Magharibi huiwahi kwa taabu baina ya maboksi.

Sasa tuzungumze juu ya moyo kutokuwamo kazini, maana hilo ndilo walitajalo vijana kwanza, na sisi twaliona ni la mwisho. Zamani mtu hakuwa akiuliza kama kuteka maji au kuchunga mbuzi kwampendeza. Nabii Musa (A.S.) alikuwa mchungaji Madyan kwa miaka mingi, na Mtume wetu (S.A.W.) alichunga kondoo na mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira. Kuhesabu maboksi ni kazi ya halali, na halali hainuki. Mwenye kuacha halali kwa sababu tu imemchosha, aangalie asije akaacha na ya pili na ya tatu kwa sababu ile ile, akawa ni mtu wa kuhama hama. (Ama aliyewekwa kuuza pombe, au aliyekatazwa kusali, huyo swali lake ni jingine, naye hahitaji makala yetu ili aambiwe atafute pengine.)

Lakini wazee nao wasishangilie upesi. Yako machovu ya mtu asiyependa kazi, na yako machovu ya mtu ambaye nguvu zake zimekwisha. Hili la pili si uvivu. Sisi tuliokaa miaka mingi na watoto wenye kuhifadhi Qur'ani twajua kuwa mtoto aliyekesha hahifadhi, umpige usimpige. Aya humwingia sikio la kulia ikamtokea la kushoto. Hesabu za uhasibu si nyepesi kuliko hizo.

Na tukitazama waliotutangulia, twaona kuwa jambo hili si geni. Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alikuwa akikaa upande wa Awali, pembeni mwa Madina, yeye na jirani yake Ansari. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, katika kitabu cha elimu, kuwa walikuwa wakipokezana zamu: siku moja hushuka huyu kwa Mtume (S.A.W.), siku ya pili hushuka yule, na kila aliyeshuka humletea mwenziwe habari za wahyi na mengineyo ya siku ile. Hawakuacha shughuli zao, wala hawakuacha elimu, waligawana siku. Abu Huraira (R.A.) alichukua njia nyingine. Alifika Madina mwaka wa 7 wa Hijra, akakaa pamoja na watu wa Suffa msikitini, akamwandama Mtume (S.A.W.) wakati ndugu zake Muhajirina wamo sokoni na Ansari wamo katika mashamba yao. Ndiye aliyepokea hadithi nyingi kuliko Masahaba wote. Lakini thamani ya njia ile aliilipa kwa njaa, na yeye mwenyewe ameisimulia njaa hiyo. Kwa hivyo kijana anayetaka kufuata njia ya Abu Huraira asiitake elimu yake akaikataa njaa yake.

Kisa ambacho chafaa kusomwa kwa kituo ni kile cha Imam Abu Yusuf. Jina lake ni Yaaqub bin Ibrahim, alizaliwa Kufa mwaka wa 113 wa Hijra katika nyumba ya kimaskini. Imesimuliwa kuwa alikuwa akihudhuria darasa ya Imam Abu Hanifa, na mzazi wake akimtoa darasani akimpeleka kwenye kazi ya kufua nguo ili apate ujira wa siku. Riwaya moja yasema mzazi huyo ni baba yake. Nyingine yasema ni mama yake, mjane mwenye kuishi kwa kusokota nyuzi, na kwamba alimwendea Imam akamlaumu kuwa anamharibia mtoto wake. Wasomaji wengi hukijua kisa hiki kwa mwisho wake, yaani Abu Yusuf alivyokuwa Kadhi wa Makadhi katika zama za Harun ar-Rashid, akala katika meza ya Khalifa. Sisi twataka kukitazama katikati yake. Je, Abu Hanifa alifanya nini? Hakumsomea kijana mawaidha juu ya fadhila za elimu. Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa hariri mwenye duka pale pale Kufa, na alipojua sababu ya kijana kutoonekana, alimpa mfuko wenye dirhamu 100, akamtaka ashike darasa, na zikimalizika amwarifu. Kisha akawa akimpa nyingine, hata pasipo kuarifiwa.

Twaomba kila ammi, kila mjomba na kila imamu wa msikiti akisome tena kituo hicho. Mwenye kumwambia kijana "acha kazi usome" na mkono wake umo mfukoni, amesema nusu ya neno. Na mzazi mwenye kuipokea fedha ya mwanawe kila mwisho wa mwezi, kisha akamkasirikia kwa kuanguka mtihani, naye pia ajihesabu. Kijana mmoja hawezi kuwa baba wa nyumba saa za jioni na mwanafunzi wa kutwa saa za asubuhi, akatazamiwa ashinde kotekote. Kuacha au kutoacha si shauri la kijana peke yake; ni shauri la wote wanaokula katika ule ujira.

Ndivyo tulivyomshauri huyu wetu: aende Muheza kwanza, ndipo azungumze na tajiri wake. Wakakaa jamaa. Mjomba wake, ambaye ni mwuza machungwa, akachukua shilingi 25,000 za kila mwezi juu yake mpaka mitihani ya mwisho wa mwaka. Dada aliyeolewa akachukua 15,000. Zikabaki 20,000 zisizo na mwenyewe. Mama akasema atajikaza. Hatutaki kuipamba habari hii. Kwa mama yule 20,000 ni fedha nyingi, na kujikaza ni neno jepesi kulitamka. Kijana naye amehamia chumba kimoja na wenzake wawili, na Jumamosi na Jumapili husomesha hesabu watoto wa mtaani kwa ujira kidogo. Aliiacha kazi.

Lakini lau karatasi yake ingeonyesha kuwa ndugu zake wote wanakula kwake yeye tu, na hapana mjomba wala dada, tusingemwambia aiache kazi. Tungemwambia abadili masomo. Kumtazama mzazi asiyejiweza ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo, na digrii yaweza kungoja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na kiliwekwa kwa ajili ya watu kama hawa, wenye kusoma huku wamo kazini. Wako wanaoona haya kuhama kutoka masomo ya kutwa, kana kwamba wameshuka daraja. Kuchelewa miaka miwili si kushuka daraja. Na kinyume chake, kijana ambaye ujira wake wote huishia katika nguo na simu mpya, na wazazi wanamlipia kila kitu, huyo hana la kutushauri, aiache kesho.

Juu ya mifuko mingine: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005. Wengi katika Waislamu walikuwa wakiuogopa mkopo ule kwa ajili ya tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya fedha, na tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Mwenye shaka na asome masharti ya mkataba wake, kisha amwulize mwanachuoni anayemwamini, wala asitegemee maneno ya barazani. Ama zaka, mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa mwenye kutafuta elimu ya sheria, ambaye kuchuma kungemkatiza, yafaa apewe. Katika elimu nyingine yako maneno, lakini katika sadaka hapana maneno, na misikiti yetu ina watu wenye maduka kama alivyokuwa Abu Hanifa.

Na kuna kazi moja ambayo haimo katika karatasi ya mtu yeyote. Binti aliye chuoni masomo ya kutwa, akirudi hupika, hufua, huogesha wadogo zake, na hulala saa sita. Yeye hana ujira wa kuhesabu, wala hana tajiri wa kumwandikia barua ya kuacha. Kaka yake akisema amechoka, hukaliwa kikao. Yeye akisema amechoka, huambiwa ana kiburi. Mwenye nyumba akitaka kuhesabu saa za watoto wake, na aanze hapo.

Ama istikhara, watu wameifanya kuwa ni kungojea ndoto. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, na dua, kisha mtu ashike lile lililomwelekea baada ya kushauriana. Na kuhesabu fedha na saa hakupingani nayo hata kidogo.

Akishaazimia kuacha, basi na aache kwa uaminifu. Nabii Musa (A.S.) alipewa muda wake kwa mapatano, miaka minane, na mwenyewe akitaka kumi, na hakuukimbia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mfanyakazi wa mshahara wa mwezi atoe taarifa ya siku 28. Asiingoje siku ya mshahara kisha akazima simu. Funguo zirudi, daftari likabidhiwe, bidhaa zihesabiwe mbele ya atakayeshika mahali pake, na deni alilokopa kwa wenzake kazini lilipwe. Naye tajiri, ujira wa siku za mwisho asiuzungushe, na cheti cha kuonyesha kuwa kijana alifanya kazi pale ampe, kwani ni haki yake kwa sheria hiyo hiyo.

Na mwenye kubaki kazini ajue kuwa sheria ile imeweka pia likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo kwa aliyetimiza miezi sita kazini. Wanafunzi wengi hupewa likizo yao mwezi wasioihitaji, kwa kuwa hawakusema. Ratiba ya mitihani ikitoka tu, na aipeleke kwa mwajiri wake siku ile ile, aombe siku zake ziangukie hapo.