Kelele za nganda usiku: jirani wanaweza kuandikia nani?

Katika senta nyingi za kusini mwa Maniema, kama Wamaza na Kasongo, nganda inaweza kuwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Jioni jenereta inawashwa, bafle inatolewa inje, na muziki unaendelea mpaka usiku sana. Kwa mwenye nganda, ile ni kazi: bia na chakula ndivyo vinalipa masomo ya watoto wake. Kwa jirani mwenye mgonjwa, mwenye mtoto wa kufanya egzame ya Leta, ao anayeamka kwa swala ya alfajiri, ni usiku bila usingizi.

Mara nyingi jirani wanavumilia, kisha siku moja hasira inapanda na watu wanagombana. Wengine wananyamaza juu wanaogopa: mwenye nganda anajulikana na wakubwa. Lakini Katiba ya Kongo ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006 inawapatia njia.

Kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani ana haki ya kuandikia viongozi wa Leta, yeye peke yake ao pamoja na wengine. Kiongozi anapashwa kujibu ndani ya miezi 3. Na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa juu aliandika. Kifungu cha 53 kinaongeza kwamba kila mtu ana haki ya kuishi mahali penye afya, na ana wajibu wa kupalinda.

Barua inaenda kwa nani?

Mambo yanaanza kwa shefu wa avenue, wa kartie ao wa kijiji. Kusikilizana mbele yake kunaweza kumaliza maneno bila karatasi. Ikishindikana, barua inapanda kwa burgmestri kama ni komini, ao kwa shefu wa sekta ao wa sheferi kama ni upande wa vijiji.

Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10, 2008 inataka komini, sekta na sheferi ziwe na baraza, ndiyo konsei, la kujadili mambo kama haya. Lakini tarehe 20 mwezi wa 12, 2023, makonseye walichaguliwa katika komini za miji mikuu ya mikoa tu. Kasongo na Kabambare si miji mikuu ya mkoa. Kwa hiyo malalamiko ya huko yanabaki mikononi mwa burgmestri ao shefu, bila konseye wa kuyauliza hadharani. Ndiyo sababu karatasi iliyoandikwa vizuri ina uzito.

Barua iseme nini?

Iseme mahali nganda iko, siku gani, na muziki unaanza na kuisha saa ngapi. Iseme pia mengine yanayosumbua: ugomvi, takataka, watu kukojoa kwenye kuta. Watu wa nyumba mbalimbali waweke sahihi. Nakala moja ibaki kwa jirani, ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa, juu ile miezi 3 inahesabiwa tangu siku hiyo.

Kuomba nganda ifungwe kabisa ni kuomba jambo gumu: inalipa taksi na inalisha watu. Ni rahisi zaidi kukubaliwa kama jirani wanaomba saa ya kuzima muziki, bafle irudi ndani, na choo kijengwe.

Inchi za jirani nazo zilitafuta katikati. Rwanda, tangu tarehe 1 mwezi wa 9, 2023, iliamua bar zifungwe saa saba ya usiku siku za kazi, na saa nane ya usiku Ijumaa na Jumamosi. Kenya, sheria ya pombe ya mwaka 2010 inataka bar iwe mbali na shule mita 300, na inaruhusu wakaaji kupinga mbele leseni haijatolewa. Kongo nako, mwenye nganda mwenye patenti ana ruhusa ya kuuza, lakini karatasi hiyo haimpatii haki ya kunyima wengine usingizi.

Kama miezi 3 inapita bila jibu, jirani wanaweza kuandikia administrateri wa territware, wakiweka nakala ya barua ya kwanza. Bado pia kuna tribunale de pe. Kwa damu ao kisu, hakuna kungojea barua: polisi inaitwa usiku ule ule.