Kukoroma kunakonyamaza ghafla

Dada yangu ameolewa Kibugu, kule Embu, na dereva wa lori anayeleta ndizi Kongowea. Nilipowatembelea aliniambia, "Kaka, kukoroma kwake nimekuzoea. Ninachoogopa ni akinyamaza." Mumewe hukoroma, kisha kimya. Dada huhesabu, wakati mwingine hadi 20, ndipo mwenzake hushtuka kama mtu aliyeibuka majini, akavuta pumzi kwa kishindo na kuendelea. Asubuhi shemeji hana habari. Anadai amelala vizuri, ila kichwa kinamgonga.

Sisi wa Pwani tungesema haraka kuwa ni jinamizi. La. Aliyekabwa na jinamizi hujua na husimulia. Huyu hajui kitu. Shahidi ni anayelala naye. Madaktari huuita apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, na kwa wengine ulimi na nyama za koo huziba njia ya hewa kwa sekunde 10 au zaidi. Ubongo humgutusha, apumue, azame tena. Ikitokea zaidi ya mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali. Presha inayokataa kushuka kwa dawa, mara nyingi chanzo chake kimojawapo ni hiki.

Kwa dereva, hatari nyingine iko barabarani. Shemeji hutafuna muguka, ule ule uliotugombanisha na watu wa Embu mwaka 2024, asisinzie kwenye usukani. Muguka huuficha usingizi tu. Mwili bado unaudai.

Kupunguza uzito husaidia, na kulala ubavu, na kuacha pombe na vidonge vya usingizi, maana hulegeza koo zaidi. Mtoto anayekoroma hivi apimwe findo. Kwa hali kali kuna mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Colin Sullivan na wenzake waliieleza mwaka 1981 kule Sydney. Haiponyi: usiku usioivaa, tatizo hurudi. Inataka umeme, na bei yake si mchezo. Kipimo cha usingizi nacho hakipatikani kila hospitali, lakini daktari anaweza kuanza kwa kupima presha, kuangalia koo na kumsikiliza mke.

Dada alimrekodi kwa simu. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.