Kufundisha Miamba ya Mashapo: Asili Kwanza, Majina Baadaye

Miongoni mwa mada ambazo mwalimu wa shule ya msingi hupenda kuzipita haraka ni ile ya miamba. Aghalabu somo huanzia ubaoni na kuishia ubaoni. Mwalimu huandika kwamba miamba ni ya aina tatu, yaani miamba ya moto, miamba ya mashapo na miamba geu. Wanafunzi hunakili, na juma lifuatalo huulizwa wazitaje. Wengi huzitaja bila kukosea. Lakini mpe mwanafunzi huyo huyo jiwe lililobanduka katika ukuta wa nyumba ya kwao, umwulize limetokana na nini, naye atanyamaza. Amepata majina ya vitu asivyovifahamu.

Katika makala hii tutaeleza jinsi miamba ya mashapo inavyofanyika na jinsi inavyogawanywa katika makundi, kisha tutapendekeza njia ya kuifundisha. Hoja yetu ni moja: makundi ya miamba hii yametokana na asili yake. Mwanafunzi aliyeelewa jinsi jiwe lilivyofanyika ataweza kuliweka katika kundi lake hata akilisahau jina. Aliyekariri jina tu hawezi kufanya lolote siku atakapokutana na jiwe asilotajiwa.

Maana ya neno lenyewe

Lugha yetu imetupa msaada ambao tusiupuuze. Mashapo ni zile chembe nzito zinazotua chini ya chombo cha maji ya kisima, cha togwa au cha kahawa. Kila mwanafunzi amekwisha kuyaona nyumbani kwao. Kwa hiyo mwalimu aanze hapo: miamba ya mashapo ni ile iliyofanyika kutokana na vitu vilivyotua, vikarundikana tabaka juu ya tabaka, hata vikashikamana na kuwa jiwe. Miamba hii ni sehemu ndogo tu ya gamba la dunia kwa ujazo wake, lakini imefunika yapata robo tatu ya uso wa nchi kavu. Ndiyo inayoonekana zaidi, ingawa si mingi.

Safari ya hatua nne

Hatua ya kwanza ni kubomoka. Jua, baridi, mvua, mizizi ya miti na tindikali hafifu iliyomo katika maji ya mvua huuvunja na kuuozesha mwamba wa zamani pole pole. Sehemu moja huwa vipande: kokoto, mchanga na tope. Sehemu nyingine huyeyuka majini isionekane kabisa.

Hatua ya pili ni kuchukuliwa. Mito, upepo, mawimbi na, katika nchi za baridi, barafu, huvisafirisha vipande hivyo. Njiani vipande hugongana na kusuguana. Hii ndiyo sababu kokoto zilizosafiri mbali mtoni huwa mviringo na laini, na zile zilizo karibu na mwamba wake huwa na pembe kali. Mwanafunzi akitambua jambo hili, ataweza kukadiria urefu wa safari ya kokoto kwa kuishika mkononi.

Hatua ya tatu ni kutua. Maji yanapopungua kasi hupoteza nguvu ya kubeba. Vipande vizito hutua kwanza, vyepesi hutua baadaye na mbali zaidi. Ndiyo maana tunakuta kokoto chini ya milima, mchanga katika sehemu tambarare za mto na ufukoni, na tope laini katika maziwa na bahari iliyotulia.

Hatua ya nne ni kushikamana. Matabaka mapya huyakandamiza ya chini, na maji yaliyokuwa katikati ya chembe hukamuliwa. Kisha madini yaliyoyeyuka majini, kama vile chokaa, silika au kutu ya chuma, huganda katikati ya chembe na kuziunganisha, kama saruji inavyounganisha mchanga. Rangi nyekundu ya mawe mengi ya mchanga ni ya kutu hiyo ya chuma.

Makundi matatu

Maadamu asili ya vitu vilivyotua ni tatu, makundi nayo ni matatu.

Kundi la kwanza ni la miamba iliyotokana na vipande vya miamba mingine. Hii hugawanywa zaidi kwa ukubwa wa chembe zake. Chembe zinazozidi milimita 2 ni changarawe na kokoto, nazo zikishikamana hufanya mwamba wa kokoto. Chembe zilizo kati ya milimita 2 na yapata sehemu ya kumi na sita ya milimita moja ni mchanga, nazo hufanya jiwe la mchanga. Zilizo ndogo kuliko hapo ni tope na udongo wa mfinyanzi, nazo hufanya mwamba wa tope, ambao mara nyingi huchanika kama kurasa. Darasani hatuhitaji vipimo hivyo. Inatosha mwanafunzi aulizwe: Je, waona chembe kwa macho? Je, huzioni ila vidole vyasikia ukwaru? Au ni laini kabisa?

Kundi la pili ni la miamba iliyotokana na viumbe. Mfano ulio karibu nasi ni mawe ya matumbawe ya pwani. Matumbawe ni kazi ya wanyama wadogo wa baharini wanaojijengea makao ya chokaa. Wakifa, makao hubaki. Misikiti na majumba ya kale ya Kilwa Kisiwani, pamoja na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, vilijengwa kwa mawe hayo. Makaa ya mawe nayo yamo katika kundi hili, kwani yametokana na mimea iliyozama katika vinamasi na kufunikwa kabla ya kuoza yote. Makaa ya Kiwira, Mchuchuma na Ngaka, kusini mwa Tanzania, yana umri unaozidi miaka milioni 250.

Kundi la tatu ni la miamba iliyotokana na vitu vilivyoyeyuka majini, kisha vikaganda. Maji yakikauka kwa jua, kilichoyeyuka hubaki. Hivi ndivyo ilivyofanyika chumvi ya mawe, jasi, na magadi ya Ziwa Natron na ya Ziwa Magadi nchini Kenya.

Mawe yanayowasumbua walimu

Mwalimu ajiandae kwa maswali, kwa sababu maumbile hayakujipanga kwa ajili ya ubao wetu. Chokaa ni mfano mzuri. Chokaa ya matumbawe imetokana na viumbe. Lakini chokaa inayoning'inia kutoka dari la mapango ya Amboni, karibu na Tanga, imeachwa na maji yanayodondoka. Dutu ni ile ile, asili ni mbili, na kwa hiyo makundi ni mawili. Anayegawa kwa majina atababaika hapa. Anayegawa kwa asili hatababaika.

Mfano mwingine mwalimu anao mkononi kila siku, nao ni chaki. Chaki ya asili ni mwamba laini mweupe uliofanyika kwa magamba ya viumbe wadogo mno wa baharini, nayo huingia kundi la pili. Lakini chaki nyingi za kuandikia siku hizi hutengenezwa kwa jasi, ambayo ni ya kundi la tatu. Zote mbili asili yake ni miamba ya mashapo.

Kadhalika, mwanafunzi wa Mwanza atasema kwamba mawe makubwa ya ziwani yaliyopangana moja juu ya jingine ni matabaka, hivyo ni mashapo. Asikemewe. Apewe kipande akichunguze. Ataona kwamba punje za graniti zimeng'ang'aniana bila kuacha nafasi, kwa kuwa ziliganda pamoja kutoka katika uji wa moto. Katika jiwe la mchanga kila punje ni ya peke yake, imegundishwa kwa jirani yake.

Kazi ya darasani

Tunapendekeza majaribio matatu yasiyo na gharama. Kwanza, tia kokoto, mchanga na udongo wa shamba katika chupa pana ya kioo, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mahali isiposukumwa. Kokoto zitatua mara moja, mchanga utafuata, na maji yatabaki na tope hata kesho yake. Kabla ya kutikisa, wanafunzi watabiri kitakachotua kwanza na watoe sababu.

Pili, changanya mchanga na maji ya chumvi nyingi katika kifuu cha nazi, ukianike juani siku kadhaa. Mchanga utashikamana. Kisha mwagia maji: chumvi itayeyuka na bonge litavunjika. Wanafunzi watakuwa wameona kazi ya gundi ile inayojificha katikati ya chembe.

Tatu, kwaruza jiwe upate unga, udondoshee siki au maji ya ndimu. Likitoa mapovu, lina chokaa.

Hata hivyo, hatuna budi kutoa tahadhari. Chupa yaonyesha kutua tu, haionyeshi kushikamana. Tena humaliza kwa siku moja kazi ambayo ziwani na baharini huendelea kwa maelfu na mamilioni ya miaka. Mwalimu asipolisema hili wazi, mwanafunzi ataondoka akidhani mawe hufanyika kwa juma moja. Hapo ndipo panapofaa kutajwa kanuni iliyoandikwa na Nicolaus Steno mwaka 1669, kwamba katika matabaka yasiyopinduliwa, la chini ndilo la zamani zaidi. Wanafunzi wenyewe wataigundua kwa kutazama chupa. Kwa kanuni hiyo hiyo wachunguzi husoma matabaka ya Korongo la Olduvai, ambamo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959 katika tabaka la chini, lenye umri wa miaka ipatayo milioni moja na robo tatu. Kadhalika, mifupa ya wanyama wakubwa mno wa kale iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ilihifadhika kwa sababu ilifunikwa na mashapo.

Kwa nini somo hili ni la lazima

Huenda mwanachuo akauliza: mtoto wa mkulima yampasa nini kujua haya yote? Tunajibu kwamba hatua ya kwanza na ya pili za safari tuliyoieleza zinatendeka katika shamba la baba yake kila masika. Udongo unaochukuliwa na mvua ni mashapo yaliyo safarini. Huko Kondoa makorongo yalikula ardhi kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Udongo ule haukutoweka; ulitua penginepo, na hautarudi. Mtoto aliyeifuata chembe moja ya mchanga tangu mwambani mpaka ziwani ataelewa kwa nini tunachimba matuta na kupanda majani. Aliyekariri aina tatu za miamba hana habari hiyo.

Basi hata katika mtihani tubadili maswali. Badala ya kuandika, "Taja aina tatu za miamba," mwalimu aweke jiwe mezani aulize, "Jiwe hili lilifanyikaje? Toa sababu mbili kutokana na unayoyaona." Jibu lenye sababu nzuri na jina lililokosewa lipewe alama nyingi kuliko jina sahihi lisilo na sababu. Nako kuliandaa swali hilo kutamlazimu mwalimu kufanya jambo ambalo ubao haumlazimishi: kutoka nje, kuzunguka kijiji alichopangiwa, na kuyafahamu mawe yake kabla hajaingia darasani.